Uani hakuna aliyeuliza, ofisini waliuliza: utoto wa Kiyahudi Tashkent enzi za Kisovieti

SWALI: Mimi ni Mtanzania, kazi yangu ni kutunza wazee hapa Boston. Mzee mmoja ninayemhudumia alizaliwa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, mwaka 1956. Anasema yeye ni Myahudi, lakini hajui sala hata moja, soseji ya nguruwe anakula, na Desemba ananiagiza nimpambie mti. Kinachonichanganya ni hiki: asubuhi ananiambia kwamba utotoni kwao walikaa Wauzbeki, Warusi, Wakorea, Watatari na Waarmenia, na hakuna aliyejali nani ni nani. Jioni ananisimulia jinsi alivyonyimwa nafasi chuo kikuu Moscow mwaka 1974 kwa sababu ya "mstari wa tano". Je, ni umri unamchanganya, au yote mawili ni kweli? Na mtu anakuwaje Myahudi bila dini? Halafu nimwite nani kwa heshima? "Mzee" naona hajaizoea.

JIBU: Mzee wako hajachanganya kitu, dada yangu. Yote mawili yalimpata mtu mmoja katika nchi moja, ila hayakumpata mahali pamoja. La kwanza lilitokea uani, la pili lilitokea mezani kwa karani. Ukiyatenganisha hayo, masimulizi yake ya asubuhi na ya jioni hayatagombana tena.

Nianze na huo mstari. Mwishoni mwa 1932 serikali ya Kisovieti ilianzisha pasipoti ya ndani, yaani kitambulisho ambacho mtu wa mjini hakuweza kupanga nyumba wala kupata kazi bila kuwa nacho. Ndani yake, mbali na jina na tarehe ya kuzaliwa, kulikuwa na sehemu ya utaifa. Usidhani ni uraia. Raia wote walikuwa wa Kisovieti. Hapo paliandikwa Mrusi, Mwuzbeki, Muarmenia, Mkorea, Myahudi. Katika fomu za kazi na za masomo swali hilo lilikuwa la tano, ndiyo maana watu wakauita mstari wa tano, na kwa Myahudi neno hilo lilitamkwa kama jina la ugonjwa. Tangu 1938 utaifa ulifuata wazazi. Ukitimiza miaka 16 unakwenda kuchukua pasipoti, karani anatazama karatasi za baba na mama, anaandika. Kama wote wawili ni Wayahudi, huna la kuchagua. Unaweza kuwa umezaliwa Tashkent, lugha yako pekee ni Kirusi, hujawahi kukanyaga sinagogi, na babu yako ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, utaandikwa Myahudi. Wasomaji wa Rwanda waliowahi kushika kitambulisho cha kabla ya 1994 hawahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo swali lako la pili limejibika nusu. Dini haikuwamo kabisa katika hesabu hiyo. Uyahudi wa Kisovieti ulikuwa nasaba iliyopigwa muhuri. Hata huyo aliyeingia Ukristo kanisani kwa siri alibaki Myahudi kwenye pasipoti.

Nusu ya pili ni kwamba serikali hiyohiyo iliyohifadhi neno iliondoa kila kilichokuwa ndani yake. Haikuanza hivyo. Katika miaka ya 1920 Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika madaraka, walipiga vita sinagogi na Kiebrania, lakini walikibeba mgongoni Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, iliyo jamaa ya Kijerumani na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Palikuwa na shule za Kiyidi, magazeti, majumba ya maigizo. Katika Jamhuri ya Belarus Kiyidi kilikuwa mojawapo ya lugha nne rasmi. Mwaka 1934 wakatengewa hata mkoa wao, Birobidzhan, kule karibu na mpaka wa China, mbali na kila mahali ambapo Wayahudi waliwahi kuishi. Kisha mlango ukafungwa. Shule zilianza kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Januari 1948 Solomon Mikhoels, mwigizaji mkuu wa Kiyidi na sura ya Wayahudi wa nchi hiyo mbele ya dunia, aliuawa Minsk kwa amri ya juu, kifo kikatangazwa kuwa ajali. Tarehe 12 Agosti 1952 Wayahudi 13 walipigwa risasi Moscow, wakiwemo waandishi Peretz Markish, David Bergelson na Leib Kvitko. Januari 1953 Pravda, gazeti la chama, ikatangaza kwamba madaktari, wengi wao wenye majina ya Kiyahudi, walikuwa wanapanga kuwaua viongozi. Stalin alikufa Machi, na mwezi mmoja baadaye madaktari wakaachiwa.

Mzee wako alizaliwa miaka mitatu baada ya hayo. Hakukuwa na shule hata moja ya Kiyahudi nchi nzima. Sensa ya 1959 ilihesabu Wayahudi wapatao milioni 2.27, na ni mmoja tu kati ya watano aliyesema lugha yake ya kwanza ni ya Kiyahudi. Wazazi wa kizazi hicho walijifunza jambo moja, kwamba usichomfundisha mtoto hakitamponza. Ukisoma kumbukumbu za watu waliokulia katika nyumba hizo utakuta picha ileile mara kwa mara: bibi na babu wanageukia Kiyidi pale tu wasipotaka watoto waelewe. Mtoto anafahamu kuwa ipo lugha ya nyumbani, na kwamba ni ya kumfichia yeye. Wakati wa Pasaka yao mikate isiyotiwa chachu ilibebwa kutoka sinagogi ndani ya foronya, jirani asione. Mtoto aliambiwa ale, asiambiwe kwa nini. Ndiyo dini yote waliyopewa wengi wao, dada, kipande kikavu cha mkate kutoka kwenye foronya. Usimshangae mzee kwa soseji.

Sasa Tashkent, maana hapo ndipo penye utamu wa habari, na hapo ndipo masimulizi ya asubuhi yanapopata haki yake.

Ua wa Tashkent wa miaka ya 1950 ulikuwa nyumba za udongo za ghorofa moja zilizozunguka uwanja mmoja, bomba moja la maji, mti wa tuti au mzabibu katikati, na choo cha pamoja pembeni. Muulize mzee wako nani walikaa humo, halafu muulize kila mmoja alifikaje. Jibu litakuwa treni. Wakorea waliletwa 1937, takriban 172,000, walipong'olewa wote Mashariki ya Mbali kwa kushukiwa kuwa majasusi wa Japani, wakamwagwa Kazakhstan na Uzbekistan. Wayahudi wa Ukraine, Belarus na Urusi ya magharibi walifika kuanzia kiangazi cha 1941 wakiwakimbia Wajerumani, pamoja na viwanda vilivyong'olewa boliti kwa boliti na watoto yatima kwa maelfu. Uzbekistan ilipokea watu wapatao milioni moja vita vile. Mei 1944 ikawa zamu ya Watatari wa Crimea, waliokusanywa kwa siku chache na kusafirishwa kwa mabehewa ya mizigo. Wengi walikufa njiani na katika miaka ya mwanzo. Hivyo, katika ua mmoja, familia iliyookolewa na treni ilipakana na familia iliyoangamizwa na treni. Na ule "urafiki wa mataifa" uliobandikwa kwenye mabango haukutokana na mpango wa kirafiki hata kidogo.

Lakini watu ni watu, na ukarimu wa wenyeji haukuwa wa mabango. Mhunzi wa Tashkent, Shaahmad Shomahmudov, na mkewe Bahri Akramova walilea yatima zaidi ya 10 wa vita, wa mataifa mbalimbali. Serikali iliwatumia sana kwa propaganda, ni kweli, ikawajengea hata sanamu mjini. Pamoja na hayo, watoto walikula, na sahani haijui propaganda. Nyumba nyingi zisizo na sanamu zilifanya vivyo hivyo kwa kumsogeza mgeni kwenye mkeka.

Chakula ndicho kilichoshona ua. Pilau ya Tashkent hupikwa kwa karoti nyingi na mafuta ya mbegu za pamba, na mwanamke wa Kiyahudi kutoka Kyiv, Ukraine, aliyefika hajui mchele aliishia kuipika vizuri kuliko samaki wa kwao. Mwuzbeki alibandika mikate kwenye kuta za tanuri na sambusa pembeni yake, harufu ikaita watoto wote. Wakorea, kwa kukosa kabichi yao ya kuchachusha, wakatengeneza kachumbari ya karoti yenye pilipili na kitunguu saumu, ambayo leo inaliwa Moscow hadi Brooklyn. Kila vuli shule na vyuo vilifungiwa mashambani kuvuna pamba, na huko mstari wa tano haukuulizwa. Kilichopimwa jioni ni kilo za gunia. Katika maisha ya namna hiyo mtoto wa miaka minane kweli hajali nani ni nani. Anajua nyumba ipi ina mbwa na ipi ina mama mwenye peremende.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo kumbukumbu tamu huyaruka.

La kwanza ni kwamba hao "sote" wa ua ule walizungumza Kirusi. Mji ulikatwa na mfereji wa Ankhor: upande mmoja mji wa kale wa Wauzbeki, wenye vichochoro na mitaa yake, upande wa pili mji mpya uliojengwa na Warusi tangu enzi za mfalme. Mchanganyiko anaousimulia mzee ulikuwa zaidi wa upande huu wa pili. Watoto wa Kiyahudi walisoma shule za Kirusi, na wengi walikua Uzbekistan miaka 30 wakijua Kiuzbeki cha sokoni tu. Mwuzbeki aliyeingia uani kwao ndiye aliyebadili lugha. Kama mzee wako anaongea Kiuzbeki vizuri, mpe heko, si wengi.

La pili, hata Wayahudi wenyewe hawakuwa "sisi" mmoja. Tashkent, Samarkand na Bukhara zilikuwa na Wayahudi wa Bukhara, waliokaa pale karne nyingi kabla ya Mrusi yeyote, wakiongea Kitajiki cha kwao. Walikuwa vinyozi, mafundi viatu, watia rangi, na waimbaji wa hali ya juu. Levi Babakhanov, Myahudi, alikuwa mwimbaji wa amiri, yaani mtawala, wa Bukhara. Hao waliishika dini kwa nguvu kuliko wageni wa Ulaya. Walitahiri wavulana wao, na kwa kuwa Wauzbeki nao waliendelea kufanya sherehe za tohara chini ya pua ya chama, mtoto wao hakushangaza mtu kwenye bafu la umma. Mtoto wa Kiyahudi kutoka Ukraine, ambaye mara nyingi hakutahiriwa, alikuwa tofauti na wote wawili. Mzee wa Bukhara alimtazama Myahudi wa Kyiv anayekula nguruwe akajiuliza ni Myahudi wa namna gani, na yule wa Kyiv, mwenye diploma yake, akamwona mwenzake kuwa mshamba. Kuoana kulizusha kelele pande zote mbili. Kwenye pasipoti, mara nyingi, wote waliandikwa neno lilelile. Kufikia 1970 Uzbekistan ilikuwa na Wayahudi wapatao laki moja wa makundi haya mawili.

Kisha ua wenyewe ukaondoka. Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966 tetemeko liliipiga Tashkent katikati. Waliokufa walikuwa wachache, lakini watu wapatao 300,000 walibaki bila makazi. Walilala kwenye mahema majira yote ya joto. Wajenzi walikuja kutoka kila jamhuri, mitaa ya udongo ikasawazishwa kwa matingatinga, familia zikapewa nyumba za zege huko Chilanzar, mtaa mpya wa mji. Mzee wako alikuwa na miaka 10. Hesabu mwenyewe: ua anaoukumbuka aliuacha kabla hajafika umri wa kuulizwa chochote na mtu mwenye kalamu. Hilo haliufanyi kuwa uongo. Linaeleza tu kwa nini haukuingiwa na doa.

Doa lilianzia shuleni. Daftari la mahudhurio la darasa lilikuwa na kurasa za nyuma zenye taarifa za kila mwanafunzi: jina, siku ya kuzaliwa, anwani, kazi ya wazazi, na utaifa. Mwalimu akitoka mapumziko, daftari likibaki mezani, watoto walilifunua. Wengi walioandika kumbukumbu za utoto huo wanataja daftari hilo. Mwuzbeki, Mrusi, Mtatari, Mwuzbeki, halafu lile neno, na vichwa vinageuka. Wengine walijifunza hapo kwamba wao ni Wayahudi. Halafu kulikuwa na jina la baba, ambalo kwa Warusi kila mtu hulibeba katikati: ukiitwa Boris na baba yako ni Abram, wewe ni Boris Abramovich, na hakuna haja ya kuuliza kabila. Likaja na tusi, "zhid". Likaja na kauli nyingine iliyouma zaidi kwa watu wa mji ule, kwamba Wayahudi "walipigana vita Tashkent", yaani walijificha nyuma wakati wengine wakifa. Wayahudi laki kadhaa walivaa sare ya Jeshi Jekundu, na zaidi ya 100 walipewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Na waliobaki nyumbani kwao magharibi? Tarehe 29 na 30 Septemba 1941, kwenye bonde la Babi Yar, Kyiv, Wajerumani waliua Wayahudi 33,771 kwa hesabu yao wenyewe. Mnara uliojengwa pale 1976 ulitaja raia wa Kisovieti; Wayahudi haukuwataja. Ukiona mzee amenyamaza ghafla unapomuuliza kuhusu bibi na babu wa upande fulani, usimsukume.

Sasa tufike Moscow, 1974. Kitivo cha hisabati cha Chuo Kikuu cha Moscow kiliwachuja waombaji wa Kiyahudi kwa utaratibu katika miaka ya 1970 na 1980, na njia yake inajulikana vizuri kwa sababu wanahisabati waliikusanya. Hakuna sheria iliyoandikwa. Katika mtihani wa mazungumzo waombaji walitengwa kwenye chumba chao, wakapewa maswali ambayo jibu lake ni fupi lakini njia ya kulifikia humtoa jasho hata bingwa. Wenyewe waliyaita "majeneza". Ukitatua la kwanza unapewa la pili, ukitatua la pili la tatu, saa zinakwenda, mpaka ukosee. Kisha unaambiwa kwa upole kwamba hujajiandaa vya kutosha. Mwanahisabati Bella Subbotovskaya alianzisha Moscow mwaka 1978 masomo yasiyo rasmi kwa vijana waliokataliwa, yakiendeshwa nyumbani kwake na popote palipopatikana chumba, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mzee wako aliwahi mno kupata bahati hiyo. Wengi wa rika lake walirudi na kusoma vyuo vya ufundi vya mikoani. Tashkent ilisemekana kuwa nafuu kuliko Moscow, na nafuu mno kuliko Kyiv. Hapo nakubaliana na masimulizi yake ya asubuhi: mji wake ulimtendea vizuri kuliko makao makuu.

Waliokuwa na mzazi mmoja asiye Myahudi walipewa kitu ambacho yeye hakupewa, nacho ni kuchagua siku ya pasipoti. Wengi walichagua upande mwingine, na sioni sababu ya kuwahukumu. Bingwa wa chesi Garry Kasparov alizaliwa Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, mwaka 1963 akiitwa Weinstein, baba Myahudi, mama Muarmenia. Baba alipofariki, mtoto alichukua jina la upande wa mama. Katika chesi ya Kisovieti jina hilo jipya lilikuwa jepesi kubeba. Ila Januari 1990, Waarmenia walipowindwa Baku, damu ya mama ndiyo iliyomlazimu yeye na familia yake kuukimbia mji.

Tashkent haikufika huko, lakini hofu ilifika. Juni 1989 katika bonde la Fergana Waturuki wa Meskhetia, watu wenye asili ya Georgia, walishambuliwa na kuchomewa nyumba. Hao nao waliletwa kwa treni, 1944. Oktoba mwaka huohuo Kiuzbeki kikawa lugha ya taifa, jambo la haki kabisa kwa Wauzbeki, lakini kwa mtu aliyeishi kwa Kirusi lilikuwa ishara ya kufunga mizigo. Kilichotokea hapo ni kichekesho kikali: mstari wa tano uliowafungia milango nusu karne ukawa tiketi. Israeli iliwapokea kwa sababu yake, Marekani nayo ikawapokea kama wakimbizi. Watu waliokuwa wameuficha utaifa wao walipanga foleni kutafuta vyeti vya kuuthibitisha. Wayahudi wa Bukhara wengi walitua Israeli na mtaa wa Queens, New York. Wale wa asili ya Ulaya walitawanyika, na wengine ndio hao walioishia Boston mikononi mwako.

Usishangae basi Wamarekani wakimwita Mrusi. Nusu ya maisha yake Warusi walimwambia si wao, na sasa kwa lugha, vitabu na vyakula ni wao. Huenda pia Wayahudi wa hapo Boston wamewahi kumtazama kwa jicho la "huyu hajui hata sala". Wewe usiwe wa tatu.

Kuhusu mti: ni wa Mwaka Mpya, si wa Krismasi. Wabolsheviki waliupiga marufuku, kisha mwishoni mwa 1935 wakauruhusu urudi ukiwa umevuliwa dini, na ukawa sikukuu ambayo Mwuzbeki, Myahudi na Mrusi waliisherehekea pamoja bila mtu kujiuliza ni ya nani. Uache usimame hadi katikati ya Januari akitaka. Pia iweke kwenye kalenda yako tarehe 9 Mei, siku ya ushindi wa vita. Kwa wengi wa kizazi chake ina uzito kuliko Pasaka. Mpigie simu hata kama si zamu yako.

Na jina. Heshima ya Kirusi ni jina lake likifuatwa na la baba, kwa mfano Boris Mikhailovich, bila "bwana" wala "mzee". Muulize tu: "Baba yako aliitwa nani?" Lakini kuwa mwangalifu kidogo hapo, kwa sababu akina Moisei wengi waliandikisha Mikhail, na akina Abram wakawa Arkady, ili mtoto apate njia nyepesi. Kwa hiyo akikupa majina mawili, moja la kwenye karatasi na moja la nyumbani, usiseme anasahau. Muulize anapenda uitumie lipi.